Bilauri: Historia ya Jiwe, ya Neno na ya Nuru

Siku moja, katika somo la maneno ya mkopo, darasani hapa Kampala, tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Tulikuwa tumeandika ubaoni neno bilauri, tukaeleza kuwa ni chombo cha kioo cha kunywea maji na kwamba asili yake ni Kiarabu. Mwanafunzi mmoja wa mchepuo wa sayansi akainua mkono akasema, "Mwalimu, fizikia twaisoma kwa Kiingereza, na kemia vivyo hivyo. Je, Kiswahili kina lolote la kusema juu ya yale mawe maangavu ambayo wataalamu huyachunguza kwa nuru? Au ni lugha ya sokoni na kambini tu?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilikuwa na sehemu mbili, na sehemu ya pili ilituuma. Tukaomba tupewe juma moja la kutafuta. Makala haya ni jibu la juma lile, lililorefushwa kidogo kwa ajili ya walimu wenzetu, kwani tunaamini ya kwamba swali hilo huulizwa katika madarasa mengi nchini Uganda.

Jiwe lililo chini ya miguu yetu

Tuanze na jiwe lenyewe. Jiwe hilo ni kwatsi, nalo ni moja ya mawe yaliyo mengi kabisa katika ardhi yote ya dunia. Mchanga mweupe wa ufuoni kwa sehemu kubwa ni vumbi lake. Wazee wa kale waliokaa kandokando ya Nyanza walilifahamu kabla ya chuma. Katika pango la Munyama, kisiwani Buvuma, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vipande vidogo vya kwatsi vilivyochongwa vikawa visu na vikwaruzio. Hivyo basi jiwe hili si mgeni kwetu, na wala halikuletwa na mtaala wa shule.

Kwa kawaida kwatsi huwa na rangi ya maziwa au ya kijivu. Lakini pale lilipopata nafasi na muda wa kukua taratibu ndani ya mwamba, hutoka likiwa safi kama maji, lenye pande sita zilizonyooka na ncha iliyochongoka kana kwamba fundi amelipiga msasa. Jiwe la umbo la namna hiyo ndilo wataalamu wa istilahi za Kiswahili wanaloliita fuwele. Wayunani wa zamani walidhani ni maji yaliyoganda mno hata yasiweze kuyeyuka tena, wakaliita kwa jina lao la barafu. Na jina hilo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la fuwele. Waarabu wao waliliita ballur au billawr. Neno hilo likavuka bahari, likafika pwani yetu, likawa bilauri.

Jahazi lililobeba nuru

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu hufundisha kwamba neno lilikuja na jahazi kutoka Arabuni, kisha tunanyamaza. Hatuwaambii wanafunzi kwamba jiwe lenyewe lilisafiri kwa njia ile ile, ila kwa kuelekea upande wa pili.

Mtaalamu mkubwa al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vito na madini. Humo alieleza kuwa bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani kutoka upande huu wetu wa Bahari ya Hindi. Kwa muda mrefu wasomaji wa kitabu kile hawakuwa na ushahidi wa ardhini wa kulinganisha na maneno yake. Ushahidi umepatikana baadaye. Katika mji wa kale wa Dembeni, kisiwani Mayotte, wachimbaji wamekuta vipande vingi vya bilauri katika tabaka za ardhi za zama za al-Biruni na zilizo karibu nazo. Asili ya mawe yale ni Bukini, kisiwa ambacho leo chaitwa Madagaska. Yaelekea yalikusanywa huko, yakapitishwa Visiwa vya Ngazija, kisha yakachukuliwa na wafanyabiashara wa bahari kwenda kaskazini.

Yaliishia wapi? Sehemu yake, kwa kadiri wataalamu wanavyoona, iliishia Basra na Cairo. Katika Cairo ya makhalifa wa Kifatimi, mafundi walikuwa wakichukua jiwe zima la bilauri, wakalichimba ndani mpaka likawa birika lenye kuta nyembamba, kisha wakachora simba na maua kwa nje. Moja ya mabirika hayo limehifadhiwa hata leo katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice, nalo limeandikwa jina la khalifa al-Aziz, aliyetawala tangu mwaka 975 hadi 996. Hatuwezi kuapa kwamba jiwe la birika lile lilitoka Bukini. Lakini njia ya biashara ilikuwapo, bidhaa ilikuwapo, na mwandishi wa zama zile ameitaja Zanj kwa jina.

Katika mji ule ule wa Cairo, chini ya khalifa al-Hakim, mwana wa al-Aziz, aliishi Ibn al-Haytham, ambaye kitabu chake juu ya nuru na macho kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Yeye ndiye aliyethibitisha kwa majaribio ya subira kwamba twaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu ikaingia machoni. Kwa hiyo bilauri na elimu ya nuru zilikuwa majirani katika mji mmoja wa Afrika miaka elfu moja iliyopita. Ilichukua muda mrefu sana hadi majirani hao walipokutana chini ya jaribio moja.

Jiwe laanza kuhojiwa

Mkutano huo ulifanyika Ulaya, hatua kwa hatua. Mwaka 1669 Steno, mzaliwa wa Denmark, alionyesha kwamba fuwele za kwatsi, ziwe kubwa au ndogo, pembe zilizo kati ya nyuso zake hazibadiliki kamwe. Mwaka 1808 Mfaransa Malus aligundua kwamba nuru ikishagonga kioo na kurudi, huweza kuwa na upande wake.

Jambo hili la nuru kuwa na upande lahitaji mfano. Chukua kamba ndefu, uipitishe katikati ya fito za ua zilizosimama wima, kisha uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi hupita. Ukiitikisa kushoto na kulia, wimbi hukwama kwenye fito. Nuru ya jua ni kamba zisizo na idadi zinazotikiswa kila upande kwa pamoja. Tukiipitisha katika kichujio kinachofanya kazi ya fito zile, hutoka ikiwa inatikisika upande mmoja tu. Katika makala haya tutaiita nuru ya upande mmoja, hadi wenye mamlaka ya istilahi watakapotupatia jina zuri zaidi.

Mwaka 1811 Arago alipitisha nuru ya upande mmoja katika kipande cha kwatsi, akaona ajabu: upande ule ulikuwa umezungushwa. Kipande chenye unene wa milimita moja tu, kilichokatwa vizuri, huizungusha nuru ya manjano kwa karibu digrii 22. Kwatsi nyingine huzungusha kulia, nyingine kushoto. Sababu yake imo katika mpango wa ndani. Kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu nne za oksijeni, na minyororo ya atomu hizo hupanda ikijizungusha, mfano wa ngazi iliyomo ndani ya mnara wa msikiti. Ngazi yaweza kuzunguka kulia au kushoto; nuru ipitayo humo hufuata mzunguko huo.

Mwaka 1880 ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, wakaona kwamba kwatsi ikibanwa hutoa umeme. Kutokana na uvumbuzi huo zilikuja saa za kwatsi, ya kwanza ikiundwa Marekani mwaka 1927. Saa ndogo za mkononi zinazouzwa kwa bei nafuu barabarani mjini Kampala huenda sawasawa kwa sababu ya kipande kidogo cha jiwe hili kinachotetema ndani yake.

Mwaka 1928

Sasa twaufikia mwaka ambao walimu wa Kiswahili wanao sababu ya kuukumbuka. Mwezi wa Juni 1928, mkutano wa makoloni ya Afrika Mashariki ulifanyika Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Miezi minne tu kabla ya hapo, mambo makubwa yalitokea katika elimu ya nuru.

Mjini Calcutta, C. V. Raman na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walikuwa wakiangaza vimiminika mbalimbali kwa nuru ya rangi moja. Raman alikuwa amevutwa na jambo hili tangu safari yake ya meli ya mwaka 1921, alipoitazama buluu ya bahari ya Mediterania na kujiuliza inatoka wapi. Tarehe 28 Februari 1928 alithibitisha kwamba nuru ikitawanywa na kitu, sehemu yake ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi. Sababu ni kwamba atomu za kitu hicho hutetema daima, na nuru inapozigusa huacha kwao sehemu ya nguvu zake, au huchukua sehemu ya nguvu zao. Tofauti ya rangi ni kipimo cha mtetemo. Mwaka 1930 Raman alipewa Tuzo ya Nobel, akawa mtu wa kwanza wa Asia kupata tuzo hiyo katika sayansi.

Lakini mjini Moscow, katika mwezi huo huo wa Februari, Landsberg na Mandelstam walikuwa wameona jambo lile lile, tena wameliona katika fuwele ya kwatsi. Yasemwa waliliona juma moja kabla ya tarehe ya Raman. Walikawia kuandika, kwa kuwa walitaka kwanza kuhakikisha kila kipengele. Raman aliandika upesi, akapeleka habari zake kwa wenzake duniani kote. Leo jambo hilo huitwa kwa jina la Raman, na ni wachache nje ya Urusi wanaoyajua majina ya wale wawili. Hatusemi haya kwa kumpunguzia Raman heshima yake; alistahili. Twayasema kwa sababu yana fundisho ambalo tutalirudia mwishoni.

Jinsi jiwe linavyosemeshwa

Turudi kwa mwanafunzi wetu aliyetaka kujua namna mawe yanavyochunguzwa kwa nuru. Ngoma ikipigwa katikati hutoa mlio mmoja, ikipigwa ukingoni hutoa mwingine, na mpiga ngoma hodari huzitambua ngoma zake hata akiwa amefumba macho. Fuwele nayo ina milio yake. Kitalu kidogo kabisa cha kwatsi kina atomu 9: tatu za silikoni na sita za oksijeni. Kila atomu yaweza kusogea pande tatu, basi jumla ni namna 27. Namna tatu kati ya hizo ni za kitalu kizima kuhama pamoja bila kutetema ndani kwa ndani. Zinabaki 24.

Namna hizo 24 zimegawanyika katika jamaa tatu. Jamaa ya kwanza ina mitetemo minne inayotunza ulinganifu wote wa fuwele. Ya pili ina minne ambayo haionekani kabisa kwa njia ya Raman. Ya tatu ina jozi nane, yaani mitetemo 16. Tatizo la wataalamu wa kwanza lilikuwa kwamba milio yote ilisikika kwa mkupuo, kama ngoma za arusi zikipigwa zote pamoja, isijulikane ipi ni ya jamaa ipi.

Hapo ndipo nuru ya upande mmoja ilipoleta faida. Mtaalamu huikata fuwele kwa kufuata mhimili wake mkuu, ule unaokwenda toka chini hadi nchani. Huiangaza kwa nuru inayotikisika upande anaoutaka, kisha huipokea nuru iliyotawanyika kupitia kichujio kinachoruhusu upande anaoutaka. Akipanga nuru iingiayo na nuru itokayo zote mbili zitikisike sambamba na mhimili mkuu, jamaa ya jozi hunyamaza kabisa, ikabaki mitetemo minne ya jamaa ya kwanza peke yake. Mkubwa wao ni ule ambao wataalamu huuandika kwa namba 464, yaani tofauti ya mawimbi 464 katika kila sentimita moja. Akiugeuza mpango ili nuru iingie kwa upande mmoja na kupokelewa kwa upande mwingine, wa kwanza hunyamaza na wale wa jozi hujitokeza. Tena hapana budi ajihadhari na ule mzungusho alioona Arago mwaka 1811: nuru ikipita kwa kuufuata mhimili mkuu, upande wake hupotoka ukiwa ndani ya jiwe, na milio ya jamaa hizo huchanganyika.

Mwaka 1940 Raman na mwenzake Nedungadi waliipasha kwatsi moto, wakachunguza mlio mmoja wa jamaa ya kwanza, ule ulio karibu na namba 207. Kadiri joto lilivyopanda, mlio ule ulififia na kushuka kuelekea sifuri. Kwenye digrii 573 mpango wa ndani wa jiwe hubadilika. Tangu mwaka 1889 Le Chatelier alikuwa amekwisha onyesha kwamba jiwe hubadilika kwenye joto hilo. Raman na Nedungadi walionyesha mtetemo unaotangulia badiliko hilo. Wafinyanzi wanaotumia tanuu wanaijua hatari hiyo kwa njia yao, kwani chombo chenye mchanga wa kwatsi kikipitishwa haraka katika joto lile, hupasuka.

Baada ya leza kuundwa mwaka 1960, kazi iliyokuwa ikichukua saa nyingi mbele ya taa ya zebaki ikawa nyepesi. Mwaka 1966 Mbrazili Sérgio Porto na wenzake walibuni namna ya kuandika jaribio zima kwa herufi nne: nuru yatoka wapi, yatikisika upande gani, yapokelewa kwa upande gani, na yaelekea wapi. Mwaka uliofuata, yeye na Scott wakaipanga mitetemo ya kwatsi kwa utaratibu huo. Herufi hizo nne zatumika mpaka leo katika maabara za dunia nzima.

Neno lililochanganya na nuru iliyotenganisha

Sasa tulitazame tena neno bilauri. Katika safari yake limeshuka kutoka kwenye jiwe likakaa kwenye chombo cha kioo, kwa sababu macho hayaoni tofauti kati ya vitu hivyo viwili. Nuru huiona. Kioo nacho kimetengenezwa kwa mchanga wa kwatsi, lakini baada ya kuyeyushwa na kupoa, atomu zake zimepoteza mpango. Kikiangazwa kwa njia ya Raman hutoa mivumo mipana isiyo na kilele chembamba, hali jiwe la kweli hutoa ule mlio mwembamba na mkali wa 464. Kwa hiyo mhifadhi wa makumbusho anayetaka kujua kama shanga ya kale ni ya jiwe au ya kioo, haina haja aivunje wala aikwaruze. Huiangaza, nayo husema yenyewe.

Tulipomaliza kuyaeleza hayo darasani, yule mwanafunzi aliuliza, "Basi, mwalimu, mbona hatufundishwi hivi?" Swali hilo la pili ndilo gumu kuliko la kwanza.

Historia yetu hapa Uganda yatoa sehemu ya jibu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, upinzani ulikuwa mkubwa. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kuupinga mpango huo, akihofia lugha ya watu wake. Hofu yake haikuwa ya kudharauliwa. Baadaye, raia wengi waliisikia lugha hii kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na tangazo la mwaka 1973 la kuifanya lugha ya taifa halikuifuta kumbukumbu hiyo. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Azimio ni jambo moja. Vitabu ni jambo jingine.

Lakini sehemu nyingine ya jibu iko kwetu walimu. Tangu mwaka 1952 hadi mwanzo wa miaka ya 1960, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere. Mlima mmoja wa Kampala ulikuwa na waundaji wa maneno na wasomi wa sayansi kwa pamoja. Tumerithi umbali uliokuwapo baina yao. Mwalimu wa lugha husema, "Hayo ni ya fizikia." Mwalimu wa fizikia husema, "Hayo ni ya lugha." Na mtoto hubaki katikati akiamini kuwa lugha haina uwezo.

Tumejaribu katika kurasa hizi kueleza jambo la maabara kwa Kiswahili, na tunakiri kwamba mahali pengine tumekosa neno tukatumia maelezo. Msomaji anayeona tumekosea na aandike, atusahihishe. Landsberg na Mandelstam waliona kwanza, wakangoja mpaka mambo yakamilike, na dunia ikasonga mbele bila wao. Tukingoja mpaka kila istilahi iwe tayari ndipo tuandike sayansi kwa Kiswahili, nasi yatatupata yayo hayo. Ndiyo maana tumeona heri tuandike sasa, upungufu na yote.

Juma lililofuata tulimwomba mwalimu mwenzetu wa fizikia atuazime kipande cha kwatsi. Akatuletea, tukakiweka mezani kando ya bilauri ya maji, tukawaambia wanafunzi waandike insha juu ya vitu hivyo viwili na jina lao moja. Yule aliyetuuliza swali aliandika kurasa sita.